Kitabu cha Mvua Kiko Chumba cha Ishirini

Nyemo, mdogo wangu, anapiga simu toka Sumbawanga:
"Nimegonga. Hakuna aliyeitika."
Nami niko Nkuhungu, miguu ndani ya beseni,
umeme umerudi saa mbili usiku,
na kompyuta ya mtumba niliyoinunua Majengo
inanguruma juu ya kabati kama paka mwenye mafua.
Ndani yake kuna daftari la baba,
kurasa mia nne na kumi nilizozipiga picha moja moja:
mvua ya Hombolo, milimita kwa milimita,
tangu mwaka wa sabini na nne,
na pembeni, kwa penseli: "Zabibu zimeungua."
"Mbuzi wa Chilongani wameingia tena."

Kuielewa ruta nililazimika kurudi kwenye tembe la kwetu.
Lilikuwa na mdomo mmoja,
vyumba saba vikiuzunguka uwanja wa ng'ombe,
na shangazi Damari mlangoni, anabangua karanga.
Uliyetoka asubuhi kwenda kisimani
ulirudi bila kuulizwa. Alikuona ukitoka,
na maji uliyoyafuata aliyapisha pamoja nawe.
Lakini mgeni asiyeitwa na yeyote
aliambiwa, "Humu hamna mtu,"
vyumba vyote saba vikikohoa.

Ndivyo lilivyo hili sanduku jeusi lenye taa nne.
Kwa walio nje tuna anwani moja tu, ya ukoo.
Kwa ndani kila kifaa kina chumba chake:
simu ya mume wangu, televisheni,
simu ya yule mpangaji anayetuibia waifai,
na kompyuta, chumba cha ishirini.
Nyemo alipogonga, ruta haikumchukia.
Haikujua tu anamtaka nani.

Basi nikaingia kwenye mipangilio
(nywila ilikuwa bado ile ya kiwandani, aibu yangu),
nikakipigilia msumari chumba cha ishirini,
maana ruta hugawa vyumba kama mwenye gesti:
leo hapa, umeme ukikatika, kesho kule.
Kisha nikaandika mstari mmoja.
Anayekuja kwa mlango 9019
mpeleke chumba cha ishirini, usimpeleke kwingine.
Nikahifadhi.
"Gonga."
"Nimegonga."
Kimya.

Siku tatu niliulaumu msumari wangu.
Ya nne, binti wa kampuni ya intaneti, sauti ya asali,
akaniambia anwani niliyodhani ni yangu
tunaichangia nyumba mia mbili, Nkuhungu hadi Kizota;
mbele ya mlango wangu kuna mlango wao,
na huko hakuna aliyeandika jina langu.
Anwani ya peke yangu inauzwa. Kwa mwezi.
Nikalipa. Jumamosi mbili tukala mlenda mtupu.

Dakika ya sita walikuja, na Nyemo hakuwamo.
Kumbukumbu za ruta zilijaa wagongaji
wa nchi ambazo sijui hata wanakula nini,
wanakijaribu kitasa: moja mbili tatu nne,
sifuri sifuri sifuri sifuri,
bila hasira, bila kuchoka,
kama mbu wanaopima chandarua.
Sikuwa nimemfungulia Nyemo.
Nilikuwa nimefungua.
Nikaketi hadi usiku wa manane nikitunga nywila,
sentensi nzima ya Kigogo,
ile aliyoitamka baba kila wingu lilipopita bila kutua,
pamoja na tusi lake la mwisho.

Kesho yake, saa tatu na robo, Nyemo aliingia.
Sikusikia hatua. Taa ya nne tu ilianza kupepesa,
na kwenye simu akawa anasoma:
"Machi kumi na mbili, themanini na nne. Sifuri.
Machi kumi na tatu. Sifuri.
Kumi na nne. Sifuri.
Nyemo kazaliwa."

Taa ikatulia.
Hakuwa ametoka.
Alikuwa bado kwenye ukurasa uleule.